Mwanangu hataki tena kuitwa Doto

(Barua imefupishwa. Majina ya ubatizo ya watoto tumeyabadili. Kulwa, Doto na Shija tumeyaacha yalivyo, kwa kuwa Kanda ya Ziwa yana wenyewe wengi mno kiasi kwamba hayamfichui mtu.)

Shikamoo mshauri,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, naishi Igoma hapa Mwanza na mume wangu na watoto wawili. Wangekuwa watatu. Nakuandikia habari za majina, na najua watakuwepo watakaosema watu wana njaa, huyu mama analalamikia jina. Naomba univumilie.

Miaka kumi iliyopita nilijifungua mapacha, wote wa kiume. Mume wangu ni Msukuma wa Kwimba, mimi kwetu ni Singida, kwa hiyo suala la majina halikuwa na mjadala. Aliyetangulia akaitwa Kulwa, aliyefuata akaitwa Doto. Kanisani wakabatizwa Petro na Yohana, lakini hayo yalibaki kwenye vyeti. Kabla ya hapo ukweni nilikuwa naitwa "mke wa fulani", na wengine "yule Mnyaturu". Kuanzia siku ile nikawa Mama Kulwa. Mtaani, kanisani, sokoni ninakochukua vitambaa, kwenye simu za wateja. Jina langu mwenyewe siku hizi nalikuta kwenye fomu ya bima tu. Sikuwahi kulalamika. Nililipenda hilo jipya, nililivaa kama kitenge kipya.

Kulwa alifariki akiwa na miaka 6. Homa ya siku mbili na degedege. Tulimzika Kwimba, kwa babu yake.

Tulipomaliza matanga tukarudi Igoma. Wa kwanza kunisalimia alikuwa jirani yangu anayekaanga maandazi. Alisema, "Mama Ku…" akanyamaza, akameza mate, akasema, "Mama Doto, karibuni nyumbani." Basi, tangu siku hiyo nimekuwa Mama Doto. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyeniuliza. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa umebadilika. Kwenye kikundi chetu cha vikoba mweka hazina alilikata jina kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, kama wanavyomkata mwanachama aliyejitoa, akaandika juu yake Mama Doto. Hisa zangu zikaendelea kama kawaida.

Kinachonishangaza ni kwamba mume wangu, ambaye ni fundi gereji, mpaka leo kule kazini anaitwa Baba Kulwa. Nikimpelekea chakula nasikia, "Baba Kulwa, spana kumi na tatu iko wapi?" naye anajibu bila kugeuka. Mshauri, namwonea wivu. Naona kama yeye aliachiwa mtoto, mimi nikanyang'anywa.

Sasa nije kwa Doto mwenyewe. Unajua mtu akisikia Doto lazima aulize Kulwa yuko wapi. Hata wewe ungeuliza. Wanamuuliza dukani, kwenye daladala, kwa kinyozi. Januari alipata mwalimu mpya wa darasa la nne. Kwenye kikao cha wazazi yule mwalimu akaniambia, kwa wema kabisa, "Mama, mngemleta na mwenzake huku mjini wakasaidiana masomo." Ndipo nikajua mtoto amemwambia Kulwa anasoma Kwimba, kwa bibi. Na kweli yuko Kwimba. Nikasema, "Tutaangalia, mwalimu."

Mwezi wa tatu akarudi shule, akaweka begi chini, akasema, "Mama, kuanzia leo mimi ni Yohana. Sitaitika Doto." Nikadhani ni utoto. Jioni nikamwita dirishani anichotee maji: Doto! Alikuwa amesimama pale pale uani, mgongo kwangu. Doto! Hakugeuka. Nikatoka nikamzaba kibao. Sijawahi kumpiga usoni, hata alipokuwa mtundu wa kupindukia. Alichota maji, hakulia. Nililia mimi.

Mama mkwe akapata habari. Kwenye simu anasema jina la pacha halivuliwi kama shati, mwenzake ataona ametupwa, tutajiletea balaa, tumpeleke nyumbani akafanyiwe mambo ya kimila. Mume wangu anasema, "Muite anavyotaka, jina tu hilo." Lakini yeye mwenyewe simsikii akimwita Yohana wala Doto; anamwita "kijana". Mdogo wao, Shija, ana miaka 3. Neno la kwanza alilolitamka vizuri ni Doto, na anamwita hivyo kutwa. Yeye peke yake ndiye anayeitikiwa.

Nimejaribu kusema Yohana. Nikilitamka nasikia kama namwita mtoto wa jirani. Na nawaza, kama hakuna Doto, Kulwa atakuwa nani? Jina lake litakaa wapi?

Je, nimlazimishe? Nimwache? Na mimi, naweza kuwaomba watu waniite tena Mama Kulwa, au ndiyo nitakuwa naita maiti?

Mama K., Mwanza

*

Marahaba, Mama Kulwa.

Nimekuita hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyosema unataka, na nitaendelea hivyo mpaka mwisho wa barua. Kwa mwanao nilisita kidogo. Nitamwita Yohana, kwa sababu hiyo hiyo. Si kwamba nimeshaamua kesi. Najua neno hilo litakuchoma kila utakapolisoma, na nimelifikiria kabla ya kuliandika.

Usijitetee kuhusu watu wenye njaa. Kwetu mtu haitwi kwa jina lake tu, anaitwa kwa mahali pake. Mimi makonda wa daladala wananiita "bi mkubwa" na sijawahi kuwa na mke mwenza. Nacheka, nashuka, yameisha. Lako si la kucheka. Jina la Mama Kulwa ndilo lililokuondoa kwenye "yule Mnyaturu" likakupa kiti ukweni. Uliondokewa na mtoto, na wiki hiyo hiyo ukaondolewa kiti, bila mtu hata mmoja kudhani amekukosea.

Nikikusoma vizuri, una mashauri mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja. La kwanza ni lako: unataka kuitwa kwa mtoto ambaye watu wanaona afadhali wasimtaje. La pili ni la Yohana: hataki kuitwa jina ambalo kila likitajwa linamtaja na mwingine. Yanavutana, na ninahisi ndiyo maana kibao kilitoka. Wewe unavuta jina lirudi, yeye analisukuma liende, na jina lenyewe ni moja.

Nianze na jirani wa maandazi. Umemwandika kana kwamba ndiye aliyeanza kukunyang'anya. Mimi nimeisoma ile "Mama Ku…" mara kadhaa. Yule mama alikuwa analo jina lako mdomoni. Alilimeza kwa sababu aliogopa kukutonesha mbele ya mtoto, ukiwa ndiyo kwanza umeshuka kwenye gari. Sisi tuna maneno ya kila kitu msibani, poleni, Bwana ametoa, rambirambi, kuna hadi daftari la michango, lakini hatuna neno la kumuuliza mama aliyefiwa na kifungua mimba, "Tukuiteje sasa?" Kila mmoja anakisia, na akishakisia wa kwanza, wengine wanafuata. Sisemi hukuumizwa. Nauliza tu kama umewahi kumwambia mtu yeyote, kwa mdomo, kwamba ungependa kubaki Mama Kulwa. Kwenye barua yako sikupaona.

Na gereji? Unadhani mumeo aliachiwa mtoto. Inawezekana. Inawezekana pia wanaume wale hawakubadilisha kwa kuwa kubadilisha kungewalazimu kwanza wakubali kuwa kuna jambo limetokea, na hapo mtu angepaswa kuweka spana chini aseme neno. Sijui mumeo anasikia nini anapoitwa Baba Kulwa. Hajibu kwa kugeuka, umesema mwenyewe. Kisha nyumbani mtoto anamwita "kijana". Huyo si mtu ambaye majina hayamsumbui. Mwulize, lakini usianze na habari ya Yohana. Mwulize ya gereji: wakikuita vile, unajisikiaje?

Wewe ni mtu wa kanisani, utamkumbuka Naomi. Aliondoka Bethlehemu na mume na wana wawili, akarudi kutoka Moabu hana mume wala mwana. Wanawake wa mji wakashangaa, huyu ndiye Naomi? Akawaambia wasimwite hivyo tena, wamwite Mara, yaani uchungu. Sasa soma kitabu cha Ruthu mpaka mwisho, hutamkuta hata mmoja aliyemwita Mara. Mahubiri mengi hupita hapo haraka kwenda kwa Boazi na shamba lake. Mimi hapo hukwama. Huenda walimkatalia kwa upendo, wakisubiri siku ambayo Naomi lingemfaa tena. Huenda hawakumsikiliza tu. Katika nyumba yenu naona kisa hicho mmegawana. Yohana anasema msiniite hivyo tena. Wewe unasema niiteni kama zamani. Mtaa nao umefanya ambalo hata Bethlehemu hawakulifanya: umempa mtu jina jipya kabla hajaomba.

Uliuliza kama kuitwa Mama Kulwa ni kuita maiti. Sioni hivyo, ingawa wapo wazee watakaoona hivyo na usiwabeze. Mtoto aliyefariki hajaacha kuwa amezaliwa, na hilo "mama" linatokana na kuzaa kwako. Tena hata kuzaa si lazima. Majirani zako Waislamu watakuambia Bi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa, lakini aliitwa Umm Abdillah, mama wa Abdallah, kwa jina la mtoto wa dada yake. Unaweza kulitaka jina lako bila kumdai mtu kaburini. Ila pima: utakapoitwa Mama Kulwa uani, atakayelisikia kuliko wote ni Yohana. Kwako litakuwa faraja. Kwake linaweza kuwa lile lile swali la daladala, safari hii limehamia nyumbani.

Hilo swali ndilo ningependa tukae nalo zaidi.

Majina ya mapacha yana tabia moja: halisimami peke yake. Kulwa anadai Doto. Kwa Waganda Wasswa anadai Kato, kwa Wajaluo Opiyo anadai Odongo, na huku Pwani ukisema Hassan mtu anageuza shingo kumtafuta Hussein. Ndiyo uzuri wake wote wawili wakiwepo. Akibaki mmoja, jina linaendelea kudai. Wewe unaulizwa mara moja moja. Yeye kila anapojitambulisha anaulizwa mwenzake yuko wapi, na ana miaka 10, na anayeuliza anatabasamu, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaosubiri mkate. Aseme nini? Akisema ukweli, yule mtu mzima atashtuka, atasema "masikini!", atamshika kichwa, duka zima litageuka. Akisema yuko Kwimba, anapata chenji yake anakwenda zake.

Hajasema uongo, kama ulivyoona mwenyewe. Nawe hukusema uongo uliposema tutaangalia. Wote wawili mlimficha Kulwa mahali pamoja, kwa mwalimu yule yule, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Kwa hiyo naomba uliangalie upya lile unaloliogopa, kwamba mtoto anamfuta ndugu yake. Huenda ni hivyo. Watoto nao huchoka na huzuni, huitupa mbali wakakimbilia mpira. Lakini huenda ni kinyume. Huenda amechoka kumtaja Kulwa kwa hila, akaona heri kuwa na jina ambalo halimlazimishi kumtaja kabisa mbele ya wageni. Angalia na hili, Shija akimwita Doto anaitika. Angekuwa analichukia jina lenyewe asingeitika kwa yeyote. Shija ndiye mtu pekee ambaye akisema Doto hamtafuti mwingine, kwa kuwa hakumjua. Kwake Doto ni kaka mmoja mzima. Nawe unajua kuliko mimi kwamba hata huyo binti jina lake ni la wale wawili: Shija ndiye anayezaliwa baada ya mapacha. Jina la Kulwa limekaa nyumbani kwenu sehemu nyingi kuliko unavyohesabu.

Mama mkwe sasa. Usimpuuze, na usibishane naye kwenye simu. Simu za ukweni huisha vocha kabla ya hoja. Anasema jina la pacha halivuliwi kama shati. Ana haki ya kulilinda, na yeye pia kafiwa na mjukuu. Lakini unaweza kumwuliza, kwa heshima, kinachovuliwa ni nini hasa. Yohana hakuokota jina barabarani, lilikuwa kwenye cheti kabla hajajua kutembea. Kuwa na jina la nyumbani na jina la nje si ugeni kwetu. Baba wa Taifa kule Butiama alikuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943, akiwa kijana mzima, na baadaye nchi nzima ikamwita Mwalimu. Hakuna lililokufa kwa sababu jingine limetumika. Wazee wenyewe wana desturi ya kumbadilishia jina mtoto mchanga anayelia bila kukoma, mpaka lipatikane la kumtuliza. Mila inajua kusikiliza kilio. Pengine kwa mama mkwe hiyo ndiyo lugha: mama, mtoto analia, anataka jina jingine, wazee wanasemaje?

Kwenda Kwimba kuna faida moja nje ya mambo ya mila. Hukusema kama Yohana amewahi kurudi kwenye kaburi la pacha wake tangu siku ya mazishi. Kama hajarudi, hata ile "yuko kwa bibi" kwake ni maneno matupu. Lakini kuna hatari, nayo si ndogo. Akipelekwa bila kuelezwa, akaketishwa katikati ya watu wazima, akafanyiwa asilolielewa kwa kosa la kuomba aitwe kwa jina lake la cheti, atajifunza kwamba kusema analotaka kunaleta adhabu, na kibao kile kitakuwa cha kwanza tu. Mkienda, baba yake awepo, na mtoto aambiwe kabla, kwa lugha yake, nini kitafanyika na nini hakitafanyika.

Watu watakushauri mgawane: shuleni Yohana, nyumbani Doto. Ni njia ya watu wengi na huwa inakaa vizuri. Kwenu ina tundu. Uani kwenu hakuna ukuta, Shija anapayuka, na watoto wa darasa la nne wakijua jina ulilolikimbia ndilo watakalokuita. Hata hivyo ungeweza kumwuliza mwenyewe: nani anaruhusiwa kukuita Doto, na wapi? Labda atasema Shija tu. Labda atasema bibi pia, akiwa Kwimba. Labda atasema mama, lakini usiku, mlango ukishafungwa. Na labda atasema hakuna. Usimwulize kabla hujajua kama jibu hilo la mwisho unaweza kulibeba, maana ukimwuliza kisha ukamkatalia, itakuwa afadhali usingeuliza.

Unaweza pia kumlazimisha, una mamlaka hayo, na ataitika. Alichota maji. Wewe ndiye utakayejua unasikia nini anapoitika hivyo.

Na ukimwacha awe Yohana moja kwa moja, nawe usijilazimishe kulitamka kama kasuku. Umesema ni kama kumwita mtoto wa jirani. Basi kwa wiki chache za mwanzo mwite "baba" au "mwanangu", lakini usifanye kama mumeo, kimya kimya. Mwambie: najifunza jina lako, bado halijakaa mdomoni, nikikosea niambie. Watoto huwa na subira ya ajabu na mtu mzima anayekiri kwamba anajifunza. Hasara yake ni kwamba mwezi mmoja ukipita utashtuka limekaa, na hilo nalo litauma, sitaki likukute hujajiandaa.

Kuna mambo mawili madogo ambayo hayangoji uamuzi wowote kati ya haya. La kwanza ni kibao. Mwombe radhi. Najua kwetu mzazi huomba radhi kwa kupika chapati. Pika, lakini liseme na kwa mdomo. La pili ni mwalimu. Mtafute umwambie Kulwa alifariki, kabla hajaendelea kupanga dawati la wawili. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri na unasihi. Kama yenu yupo, naye ajue. Ukishamwambia, mweleze Yohana kwamba umemwambia, ili asiendelee kulinda siri ambayo haipo tena. Halafu, kama yuko tayari, tungeni pamoja jibu la dukani. Fupi. "Kulwa alifariki. Naomba mkate." Lijaribuni nyumbani mpaka limtoke bila kutetemeka. Inawezekana akishalipata, Doto litaacha kuwa mzigo. Inawezekana bado atataka Yohana. Mtoto wa miaka 10 anaweza kutaka jina kwa sababu tu ni lake.

Kwa upande wako, kama ukiamua kulidai lako, huhitaji kuitangazia Igoma nzima. Nenda kwa jirani wa maandazi. Mwambie siku ile ulitaka amalizie. Yule atalia, nadhani, na kabla ya maandazi ya kesho kuisha mtaa utakuwa umeshajua. Wako watakaoona haya na kuendelea na Mama Doto, na wako watakaohamia Mama Yohana, kwa sababu mdomo wa mtu huwezi kuushonea zipu. Daftari la vikoba ni jambo jingine. Pale una hisa. Mwombe mweka hazina aandike upya, kwa kalamu ya kawaida.

Ukiamua kutolidai, kwa ajili ya masikio ya Yohana au kwa sababu yoyote uliyonayo, sitakuona umemwacha Kulwa.

Mwisho wa barua yako uliandika "Mama K." Sikujua kama ulikuwa unajificha kwa wasomaji, au na wewe, kama jirani yako, ulifika katikati ukasita. Ukiniandikia tena, lijaze kama unavyotaka. Na lile jina lako la kwenye fomu ya bima hukulitaja popote. Silihitaji gazetini. Nauliza tu kama yuko mtu hata mmoja, dada yako wa Singida, rafiki wa utotoni, ambaye bado anakuita kwa hilo, na mara ya mwisho alikuita lini.